Mkwe Kutoka Berlin

Berlin, 12 Mei 2024

Mdogo wangu Benson,

Salama huko Utemini? Steshenari inaendaje, au bado wateja wanakopa karatasi? Nakuandikia wewe kabla ya Mama, maana yapo ya kumwambia Mama na yapo ya kukuambia wewe peke yako.

Siku ile naondoka, pale stendi, uliniuliza, "Dada, hivi unaenda kusomea nini hasa?" Nikakujibu juu juu kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi. Sasa nakujibu vizuri. Namsoma mtu mmoja tu. Alikuwa mwanafalsafa, alifundisha hapa Berlin karibu miaka mia mbili iliyopita na akafia hapa hapa, mwaka wa kipindupindu. Watu walitoka nchi za mbali kuja kumsikiliza, ingawa inasemekana alikuwa anakohoa na kupekuapekua karatasi zake muda wote wa somo.

Ana wazo moja ninalipenda mno. Anasema mtu hawezi kujijua kuwa ni mtu akiwa peke yake. Anajijua pale mwenzake anapomtambua, na yeye akamtambua huyo mwenzake. Bwana anayepigiwa magoti na mtumwa haifaidi heshima ile, kwa sababu inatoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hamhesabu kuwa mtu. Wazo hilo limezunguka dunia. Hata watu weusi waliodai uhuru wao walilichukua, wakalinoa, wakalirudisha Ulaya likiwa na makali zaidi.

Halafu mtu huyo huyo, Benson, katika kufundisha kwake historia ya dunia akafika kwetu. Akasema Afrika haina historia. Akasema sisi tuko gizani kama watoto, basi hakuna cha kusimulia, twende mbele. Huko kwetu hakuwahi kukanyaga. Alisoma habari za wasafiri na wamishonari, akatufunga kama wewe unavyofunga duka jioni. Maneno hayo niliyasoma kwanza nikiwa Dodoma, tukacheka na wenzangu tukaenda kunywa chai. Kuyasoma hapa, mweusi peke yangu katika darasa zima, ni jambo lingine kabisa. Mwenzangu mmoja akanigeukia, kwa upole tu, akaniuliza, "Na wewe unaonaje?" Nikajifanya natafuta ukurasa. Mimi, Witness, niliyekuwa nafukuzwa darasani kwa mdomo!

Tangu siku hiyo kalamu imegoma. Tarehe 18 Julai natakiwa kusimama mbele ya jopo la maprofesa nitetee kazi yangu. Nikishindwa, ufadhili unakatika na safari inaishia hapo. Kusema kweli nafikiria kuacha kabla ya siku hiyo nirudi nyumbani. Hilo usimwambie Mama.

Na jina la mzee huyu sitaliandika katika barua zangu. Yeye alilihukumu bara zima bila kuuliza jina la mtu hata mmoja, na mimi namlipa hivyo hivyo.

Barua ya Mama iko pamoja na hii. Ichape kwa herufi kubwa, macho yake si ya zamani.

Dada yako,
Witness


Berlin, 12 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, baridi imepungua, nakula vizuri ingawa ugali wa huku naupika kwa unga ambao ungeuona ungewapa kuku.

Naijua sheria yako kwamba simu ni ya kuulizana mvua na jambo zito liandikwe. Hili ni zito.

Huku kuna mzee mmoja wa Kijerumani. Jina lake sitaliandika, utaniwia radhi. Tangu nifike maisha yangu yote ni yeye. Naamka nikimfikiria, nashinda nikimfikiria. Ana akili, Mama, sijawahi kuona mfano wake. Lakini amenena vibaya juu yetu. Anasema watu wa kwetu hatuna historia, hatuna tulikotoka, hatuna la kusimulia. Ameniumiza sana, na sijui nimjibuje bila kumvunjia heshima na bila kujivunjia yangu. Sijakwambia mapema kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Wewe ungemjibuje mzee wa namna hiyo?

Mwanao,
Witness


Ilongero, 24 Mei 2024

Mwanangu Witness,

Marahaba. Asifiwe milele. Barua yako Benson aliileta Jumapili baada ya ibada. Nimeisoma nikiwa nimekaa, kisha nikaisoma tena nikiwa nimesimama.

Kwamba jina lake hujaliandika! Hapo ndipo nilipoweka karatasi chini nikacheka peke yangu mpaka kuku wakatawanyika. Watu husema Ulaya inasahaulisha. Wewe hujasahau. Mimi tangu niolewe na marehemu baba yako sijalitamka jina la baba yake. Hata siku ya kesi ya shamba, hakimu alipotaka nimtaje babu wa watoto wangu, nilimwambia aulize mtu mwingine, akaniandika kuwa mkorofi. Umenipa heshima, mwanangu. Sikuulizi zaidi. Mambo hayo mtoto hamwelezi mama yake moja kwa moja, na mimi si mama wa kuchimba.

Sasa tumzungumzie huyo mzee. Usimshangae. Wazee wa upande wa pili ndivyo wanavyoanza. Watu wa Ilongero walipokuja kwetu Issuna kwa ajili yangu, baba yangu mzazi aliuliza mbele yao kama huku kuna watu au kuna mawe tu. Baadaye alikuwa haondoki hapa.

Mtu anayesema hamna mlikotoka hajibiwi kwa matusi wala kwa kilio. Na usijitetee. Anayejitetea ameshakubali kwamba kesi ipo. Anakaribishwa. Anapewa kiti, anapewa maji, anakula ashibe, kisha wazee wanamtajia ukoo, mmoja mmoja, na kila mmoja alifanya nini, mpaka yeye mwenyewe aombe kupumzika. Huyo mzee wako hajabisha hodi. Amesimama nje ya boma anatangaza kwamba ndani hamna watu. Atajuaje?

Kwa hiyo tulia. Usivunje jambo jema kwa sababu ya ulimi wa mzee mmoja. Una akili na una kwenu.

Magreth wa mashine ya kusaga aliniuliza tena juzi kama huyo msomi wangu ataolewa na vitabu. Nilimjibu nikitabasamu tu. Alivyonitazama, alijua kuna neno.

Mama yako,
Raheli


Berlin, 28 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeibandika ukutani juu ya meza. Anayejitetea ameshakubali kwamba kesi ipo! Nimekaa mwaka mzima na maprofesa, hakuna aliyenipa sentensi kama hiyo. Umeniokoa. Sikukwambia, lakini nilikuwa karibu kukata tamaa.

Yote niliyoyapanga zamani nimeyafuta na nimeanza upya. Nitafanya kama ulivyosema. Nitamkaribisha mzee huyu, nitamkalisha, nitamtajia. Siku yenyewe ni katikati ya Julai, si mbali.

Tatizo langu moja, Mama. Nitamtajia nini? Mimi mwenyewe sijawahi kutajiwa. Namjua Babu, namjua baba yake kwa jina, basi, baada ya hapo ni ukungu. Huku wakisikia natoka Singida, wale waliosoma kidogo huniambia niwasimulie habari za yule mama aliyewatumia Wajerumani nyuki. Naipenda habari ile na najivunia, lakini kila mtu anaileta hiyo hiyo. Nataka za nyumbani kwetu. Waulize wazee, uniandikie.

Mwanao anayekupenda,
Witness


Ilongero, 8 Juni 2024

Benson,

Hii ni yako. Usiipige picha kumtumia dada yako, nataka ashtuke kwa furaha.

Nimezungumza na Baba yako Mkubwa Simeoni. Witness amesema huyo mzee wa Kijerumani anamkaribisha Julai, na ameomba wazee wamtajie. Hatutaki kushikwa hatujajiandaa. Tumekubaliana Jumamosi tarehe 29 ukoo wote ukutane hapa, wazee wakumbushane na wajipange, maana tangu tulipomwoza binti yetu Lea hakuna aliyetaja kitu. Baba Mkubwa ameuliza kama huyo mkwe ni ukoo mmoja na wale Wajerumani waliojenga boma la Mkalama, kwa sababu kama ni wao kuna maneno ya kumaliza kwanza. Nimemwambia tutamwuliza mwenyewe.

Dume jeusi ndilo litakalochinjwa. Wewe tafuta turubai na viti vya kukodi, na uniletee chokaa, ukuta wa mbele umekaa kama wa nyumba isiyo na wenyewe. Mapishi nimempa Magreth. Nimemwomba mwenyewe, kwa adabu. Nataka asikie yote akiwa karibu.

Mama


Utemini, 21 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, kaa chini.

Mama anaamini yule mzee wako ni baba mkwe wako. Umelisoma hilo? Lisome tena. Ulipoandika kwamba kuna mzee wa Kijerumani na jina lake hulitaji, ulimfanyia adabu anayofanyiwa mkwe. Wewe ulikuwa unamlipizia kisasi, lakini Ilongero nzima inajua mwanamke asiyemtaja mzee kwa jina ni nani kwa mzee huyo. Ukaongeza kwamba unaamka ukimfikiria! Halafu ukasema unamkaribisha Julai. Dada, ungeandika kwa makusudi usingeweza kupanga vizuri hivyo.

Mimi nilijua tangu Jumapili ile ya kwanza. Nilikuwa nimesimama pale anasoma. Nilifungua mdomo nimwambie, nikamwona uso. Dada, tangu Baba afariki sijamwona Mama na uso ule. Alitoka nje akawasalimia hata wale asiosalimiana nao. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa ameshamfuata Baba Mkubwa. Mwezi huu nikapeleka chokaa, na mwenye kupeleka chokaa atasemaje tena?

Ukoo unakutana tarehe 29. Watu wanatoka mpaka Ikungi na Iramba. Dume limeshachaguliwa, na Mama anatembea kule kijijini kama bibi harusi ni yeye. Mimi nimeshindwa. Mwandikie wewe, nitampelekea, naapa.

Samahani sana.

Benson


Berlin, 22 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nimekupigia simu asubuhi, ukasema, "Jambo zito liandike," ukakata. Basi naandika.

Hakuna mkwe, Mama. Mzee niliyekuambia ni mwanafalsafa, mtu wa vitabu, na amekufa karibu miaka mia mbili sasa. Namsoma, ndiyo kazi iliyonileta. Jina lake sikulitaja kwa hasira, wewe ukaona adabu. Ningekuwa na akili ningejua utasomaje, maana ni wewe uliyenifundisha.

Sina mchumba, wala wa Kijerumani wala wa Singida. Mimi ni yule yule uliyemsindikiza. Nilipoona Benson ameandika jinsi ulivyofurahi, nililia, kwa sababu nilijiona kama nimesimama mlangoni natazama sherehe ya binti mwingine.

Naomba uwaambie wageni wasije. Aibu yote iwe yangu. Ile tarehe ya Julai ni siku ya kusimama mbele ya maprofesa. Nilikuwa nimepata nguvu kwa maneno yako, na sasa hata hayo naona niliyaiba, kwa sababu hukuyasema kwa ajili ya jambo langu. Sijui kama nitasimama tena. Nikiamua kurudi, nipokee tu.

Nisamehe.

Witness


Ilongero, 4 Julai 2024

Mwanangu Witness,

Marahaba.

Barua yako Benson alikaa nayo mfukoni wiki nzima. Alinipa Jumamosi asubuhi, turubai likiwa limefungwa na watu wa Iramba wameshafika wananawa miguu. Benson nimeshamalizana naye. Usimwulize ilikuwaje.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikaa jikoni masikio yanawaka. Magreth alikuwa mbele yangu anamenya vitunguu, akaniuliza kama ni vitunguu au ni furaha. Nikajiuliza kwa kweli namlilia nani. Mkwe ambaye sijawahi kumwona? Mzungu aliyekufa kabla bibi yangu hajazaliwa? Nikajifuta kwa kanga nikatoka.

Unajua katika kutajiana wanawake hukaa nyuma na hawasemi. Nilipita katikati ya wazee, nikasimama, nikawaambia yote. Kwamba hakuna posa. Kwamba kuna mwalimu wa zamani wa Kijerumani aliyesema hatuna historia, na Witness amepelekwa huko kumjibu. Halafu Frank, yule wa shangazi yako, akaanza kucheka akashindwa kuacha, akaondolewa.

Baba yako Mkubwa akasimama akavaa kofia. Akasema, "Tumechinja dume kwa ajili ya marehemu wa watu? Kutaja ni kwa wakwe. Hakuna mkwe, hakuna kutaja. Tuleni, kila mtu aende kwake."

Nikamwambia, "Baba Mkubwa, naomba niulize. Angekuja huyo mkwe, mngemtajia ukoo wa nani?"

Akasema, "Wa Witness, wa nani tena?"

"Na Witness mwenyewe mmeshamtajia?"

Akaivuta kofia usoni. Nikaona nimeshaingia, siwezi kurudi nyuma. Nikasema, "Binti zetu tunawaeleza wageni habari zao, wenyewe hawazijui. Lea alitajwa hapa akiwa amefungiwa ndani na mashangazi, hakusikia hata jina moja. Mtoto wa kike asipoleta mwanamume, sisi hatufungui mdomo. Huyo Mjerumani amesema hatuna la kusimulia. Tukinyamaza leo kwa sababu hakuletwa mume, tutakuwa tumemsaidia kazi yake."

Mwanangu, sijui nilipata wapi maneno. Baba Mkubwa alinitazama, akatazama nyumba, akavua kofia. Akasema, "Benson, hiyo simu yako inarekodi?"

Wakaanza. Witness wa Ezekieli, wa yule nisiyemtaja, wa Mghenyi, wa Njoghomi aliyehama na ng'ombe jike mmoja mwaka wa njaa na akakataa kumla hata walipokula mizizi, ndiyo maana sisi tupo. Kila mmoja na lake. Walipofika kwa mzee mmoja mchimba kisima wakagombana vibaya, wa Iramba wanasema kisima ni cha upande wao, wa hapa wanasema walikikuta kimechimbwa. Mzee Antipasi alitupa fimbo chini. Nilifurahi! Watu hawawezi kugombania kitu ambacho hakipo.

Halafu Shangazi yako Rebeka akainuka kule nyuma. Akauliza, "Hao wote walizaliwa na mashina ya miti?" Mama za hao waliotajwa wazee hawawajui, wanajua tu kwamba mababu walioa. Basi tukasema sisi, tuliokuwa tunakaa nyuma. Mke wa Njoghomi alitoka wapi, na nani alimlea mtoto yupi, na yule aliyekimbia akarudi na mbegu ya uwele imefungwa kwenye nguo. Nami nikamtaja mama yangu Severina, na mama yake, mpaka nilipoishiwa. Magreth aliacha sufuria akaja kusimama karibu yangu. Wali uliungua, tukaula hivyo hivyo.

Kwa hiyo hukuiba kitu. Maneno yale niliyasema kwa ajili ya mkwe, lakini ni yako, na hii rekodi Benson anayokutumia ni yako. Nilijivunia mkwe karibu wiki sita. Ninavyojivunia wewe ni zaidi, na leo nasema hivyo mbele ya mtu yeyote, hata kule mashineni.

Usirudi. Simama mbele ya hao watu. Ukimaliza ndipo uje.

Mama yako,
Raheli wa Severina


Berlin, 19 Julai 2024

Mama,

Shikamoo, wewe na wote waliosimama siku ile. Nimepita. Naliandika hilo mwanzoni ili usikimbize macho kulitafuta.

Huku mtu akisimama mbele ya jopo huanza na hoja papo hapo. Mimi niliomba kwanza nijitambulishe kama inavyofanyika kwetu. Wakafikiri ni dakika moja. Nikataja kuanzia Baba, na Babu nikamtaja kwa sauti kwa niaba yako, nikaenda mpaka mwanamke wa mbegu za uwele. Sikuharakisha. Mmoja wao aliweka kalamu chini, mwingine akaacha kutazama saa.

Kisha nikamkaribisha mzee. Sikumtukana na sikujitetea. Nilieleza wazo lake kwa heshima yote linalostahili, kwamba hakuna anayekuwa mtu bila kutambuliwa na mwenzake. Nikasema ni wazo kubwa na bado linafanya kazi duniani. Nikasema pia kwamba mwenye wazo hilo alituhukumu bila kukutana na sisi, bila hodi, na kwa mizani yake mwenyewe upungufu ulikuwa wake. Kwetu palikuwa na watu siku zote, wanataja, wanagombana, wanazaa. Yeye ndiye aliyebaki nje ya boma.

Profesa mmoja mzee akaniuliza kama nataka mwanafalsafa yule aache kufundishwa. Nikasema hapana, afundishwe, ila asiachwe azungumze peke yake. Mwingine akauliza atajuaje kwamba majina yale ni ya kweli. Nikamweleza ugomvi wa kisima na fimbo ya Mzee Antipasi. Akacheka, akasema hata idara yao ina kisima kama hicho.

Waliponiita tena ndani na kutamka kwamba nimepita, nilisimama wima kabisa. Sikulia. Nilihisi nina watu wengi nyuma yangu na ukumbi haututoshi.

Sasa sikiliza, na hili ni zito kwa hiyo naliandika. Profesa wangu anataka kuja Ilongero mwezi wa Desemba. Ni mama mtu mzima, hajawahi kufika Afrika, na amefundisha habari za mzee yule maisha yake yote. Ameniuliza aje na zawadi gani. Nimemwambia asihangaike na zawadi, aje na muda, kwa sababu kwetu mtu akianza kutajiwa haruhusiwi kuondoka katikati, na safari hii akina mama ndio wanaoanza.

Witness
wa Ezekieli, wa Ntandu, wa Mghenyi, wa Njoghomi;
wa Raheli, wa Severina